KOMPYUTA HAISHIKI ZAMU: UHAKIKI WA NADHARIA YA KUFUNDISHA ASKARI KWA MASHINE

Utangulizi

Zipo fikra ambazo huingia katika vyombo vya dola bila kupiga hodi kwa sababu zimevaa vazi la ufundi. Hakuna anayezijadili, maana hakuna anayezitambua kuwa ni fikra. Huonekana kuwa ni vifaa tu, kama vile viti na meza. Fikra moja ya namna hiyo ni ile isemayo kwamba askari anaweza kufundishwa na kompyuta peke yake, kwa haraka zaidi na kwa gharama ndogo zaidi kuliko anavyofundishwa na mkufunzi.

Makala haya yanaihakiki fikra hiyo. Tunaichukua pale ilipozaliwa na ilipopewa fedha na nafasi kubwa, yaani katika majeshi ya Marekani, na tunaipima kwa matokeo yake yenyewe. Msimamo wetu ni huu: kompyuta ni chombo kizuri cha kufundishia inapowekwa mikononi mwa mwalimu na karibu na kazi yenyewe. Bali inapoletwa kwa shabaha ya kumwondoa mwalimu ili gharama ipungue, deni halifutiki, linahamishwa tu. Linatoka katika daftari la mhasibu na kwenda kulipwa na askari wa chini, na wakati mwingine hulilipa kwa uhai wake.

1. Chimbuko la nadharia

Nadharia ya kufundisha kwa mashine ni ya zamani kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1920 mwanasaikolojia Sidney Pressey wa Marekani alitengeneza mashine ndogo iliyouliza swali na kumwonyesha mwanafunzi kama amepata au amekosa. Lakini aliyeipa mashine hiyo nadharia kamili ni B. F. Skinner, kuanzia mwaka 1954. Kwa maoni yake, kujifunza ni kujenga mazoea: somo likatwe vipande vidogo vidogo, mwanafunzi ajibu kila kipande, na papo hapo aambiwe kuwa amepata. Jibu sahihi likituzwa mara moja, litajirudia, lisilotuzwa litakufa. Skinner huyo huyo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa amewafundisha njiwa kudonoa picha ya shabaha ili waongoze bomu, ingawa mradi huo haukufika vitani. Hatulitaji jambo hili kwa kejeli. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha msingi wa nadharia: baina ya njiwa na mwanafunzi, kanuni ilidhaniwa kuwa ni moja.

Karibu na wakati huo mtaalamu mwingine, Norman Crowder, alifanya kazi na jeshi la anga la Marekani katika kuwafundisha mafundi kutafuta hitilafu za mitambo. Yeye aliona jambo ambalo Skinner hakulipa uzito. Fundi anayekosea hakosi kwa njia moja. Kila kosa lina sababu yake. Kwa hiyo katika masomo yake anayetoa jibu baya alipelekwa kwenye ukurasa mwingine unaomweleza kwa nini amekosea. Hapo tayari tunaona mvutano utakaotufuata hadi mwisho wa makala haya: je, mashine inamfanya mwanafunzi ajue jibu, au inamsaidia kufikiri?

Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Donald Bitzer na wenzake waliziunganisha fikra hizi na kompyuta halisi, wakauita mfumo wao PLATO. Maabara waliyofanyia kazi ilikuwa ikigharimiwa kwa pamoja na jeshi la nchi kavu, la majini na la anga. Katika miaka ya 1970 vituo vya PLATO viliwekwa katika kambi kadhaa za mafunzo ya kijeshi. Kwa hiyo anayedhani kwamba kompyuta ilianzia shuleni kisha ikahamia jeshini, ameishika hadithi kwa mkia. Tangu mwanzo jeshi lilikuwa mfadhili.

Kwa nini jeshi? Tujibu kwa kuangalia uchumi wa jambo lenyewe. Mwanafunzi wa shule ya kawaida halipwi mshahara. Akikaa darasani mwezi mmoja zaidi, serikali haioni hasara kubwa. Askari anayejifunza analipwa, analishwa, anavishwa na analazwa, na muda wote huo hayupo kazini. Kila juma linalokatwa katika kozi ni fedha. Mwaka 1973 Marekani iliacha kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima, na tangu hapo ililazimika kuwavuta kwa mishahara. Haja ya kufupisha mafunzo ikazidi kuwa kali.

Mwaka 1979 Jesse Orlansky na Joseph String walitoa ripoti iliyokusanya matokeo ya majaribio mengi ya kufundisha askari kwa kompyuta. Waliona kwamba muda wa kujifunza ulipungua kwa kiasi cha asilimia 30, na alama za wanafunzi zilikuwa takriban sawa na za wale waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Matokeo hayo yalikuwa ya kweli, na yalinukuliwa kwa miaka mingi. Lakini msomaji makini na aulize: alama za wapi? Kilichopimwa kilikuwa mitihani ya mwisho wa kozi, si utendaji wa askari huyo baada ya miezi sita karibu na mtambo, usiku, akiwa amechoka, na ofisa akimpigia kelele. Akiba ya muda ilihesabiwa kwa namba. Ubora wa askari kazini haukuhesabiwa. Na katika idara za fedha kisichohesabiwa huchukuliwa kuwa hakipo.

2. Pale mashine ilipofaa

Kabla ya kukosoa ni wajibu kueleza pale chombo kilipofanya kazi njema, la sivyo uhakiki unageuka kuwa manung'uniko. Tutoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa kabla ya kompyuta, lakini ndio baba wa mingine. Mwanzoni mwa mwaka 1934 kikosi cha anga cha jeshi la Marekani kilipewa kazi ya kusafirisha barua. Marubani walirushwa usiku na katika hali mbaya ya hewa bila kuzoea kuongoza ndege kwa kutazama vipimo peke yake, na kadhaa walikufa. Ndipo jeshi likanunua mashine sita za Edwin Link, yaani vyumba vidogo mfano wa ndege vilivyotikisika na kugeuka huku mwanafunzi akiwa amefunikwa asione nje. Mkufunzi alikaa mezani pembeni, akamtuma huku na kule, akayafuata makosa yake na kumweleza. Mashine ilimruhusu rubani kukosea bila kufa. Mwalimu hakuondolewa; alipewa njia ya kuliona kosa ambalo angani lisingemrudisha mtu.

Mfano wa pili ni SIMNET, mradi ulioanzishwa mwaka 1983 na DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Wahandisi walitengeneza vyumba vilivyofanana na tumbo la kifaru, wakaviunganisha kwa mtandao wa kompyuta, vingi vikiwa Fort Knox, jimboni Kentucky. Kila kundi lilikaa ndani ya chumba chake, lakini wote waliiona ardhi moja katika vioo vyao na waliweza kusaidiana au kupigana. Vyumba vyenyewe havikuwa na kila kitu kilichomo katika kifaru. Viliwekewa tu vile vilivyohitajika kwa somo. Na somo halikuwa kubonyeza vitufe. Lilikuwa kupigana pamoja: kamanda atoe amri inayoeleweka, dereva asikie, jirani ajue jirani yake yuko wapi. Baada ya zoezi kikosi kilikaa chini kikachambua nani alifanya nini na kwa nini. Hapa kompyuta iliwakutanisha watu.

Mfano wa tatu ni wa karibuni zaidi, na ni wa jeshi la majini. DARPA iligharimia mwalimu wa kompyuta wa kuwafundisha mafundi wa mitandao ya manowari. Waundaji hawakuanza na mashine. Walianza na walimu hodari wa kibinadamu, wakawatazama wakimfundisha mwanafunzi mmoja mmoja, wakachunguza wanauliza nini, wananyamaza lini, na wanamwacha mwanafunzi ahangaike kwa muda gani kabla ya kumsaidia. Kisha wakajaribu kuuiga mwenendo huo. Mwanafunzi alipewa mitandao yenye hitilafu na kutakiwa kuitengeneza, huku wakufunzi wa kibinadamu wakiwa karibu. Tathmini iliyotolewa mwaka 2012 ilionyesha kwamba waliomaliza majuma 16 ya kozi hiyo waliwashinda, katika kutafuta hitilafu, mafundi wa melini wenye uzoefu wa wastani wa miaka tisa hivi.

Mifano yote mitatu ina mambo ya pamoja. Mwalimu yupo, au hekima yake imechukuliwa kwa uangalifu. Mwanafunzi anafanya kazi, hasomi habari za kazi. Na kosa linajadiliwa badala ya kuhesabiwa tu.

3. Diski badala ya chuo

Sasa tuje kwenye kiini cha uhakiki wetu. Jeshi hilo hilo la majini lililofaidika na mwalimu huyo wa kompyuta ndilo lililofanya, katika miaka inayokaribiana, kosa la kinyume chake.

Kwa miongo kadhaa ofisa kijana aliyetakiwa kuongoza manowari alipelekwa kwanza chuoni Newport, katika jimbo la Rhode Island, kwa kozi ya miezi kadhaa. Huko alisoma uongozaji wa chombo, kanuni za kupishana baharini, injini, na uangalizi wa watu. Mwaka 2003 kozi hiyo ilifutwa. Ofisa mpya alipelekwa moja kwa moja melini na kukabidhiwa furushi la diski za kompyuta. Alitakiwa azisome mwenyewe katika nafasi atakazopata, huku maofisa waliomtangulia wakimwelekeza kazi. Maofisa wenyewe waliupa utaratibu huo jina la dhihaka: chuo ndani ya boksi.

Hoja za waliouanzisha zilikuwa nzuri masikioni. Walisema kijana atajifunza kwa mwendo wake. Atajifunza melini, mahali pa kazi, na si darasani. Hatapoteza miezi ufukweni. Na fedha zitaokolewa. Ndugu msomaji atazitambua hoja hizi. Ni zile zile za miaka ya 1950 na 1970, na kila moja ina chembe ya ukweli. Kujifunza mahali pa kazi ni jambo ambalo sisi wenyewe hulisifu. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Lakini hoja haipimwi kwa maneno yake tu. Hupimwa kwa hali inamotumika. Katika miaka hiyo hiyo jeshi la majini lilikuwa likipunguza idadi ya mabaharia katika kila meli, na meli zilikuwa zikitumwa safari nyingi kwa muda mrefu. Maana yake, yule ofisa mzoefu aliyedhaniwa kuwa ndiye mwalimu wa kijana hakuwa na nafasi ya kufundisha. Alikuwa akishika zamu mbili, anajaza taarifa, anatafuta usingizi. Mwalimu wa chuo aliondolewa kwa madai kwamba mwalimu yuko melini. Na mwalimu wa melini hakuwa na muda kwa sababu watu walipunguzwa. Kijana akabaki na diski. Na diski haikumuuliza kwa nini amejibu hivyo. Haikumwona akitetemeka. Haikujua kama ameelewa au amekariri.

Dalili za ubaya zilionekana mapema, na hazikuonwa na maadui wa jeshi hilo bali na watu wake. Mwaka 2008 ilibidi irudishwe kozi fupi ya majuma machache. Mwaka 2010 jopo lililoongozwa na admirali mstaafu Phillip Balisle lilitoa ripoti kali juu ya hali ya manowari. Miongoni mwa mambo liliyoyalaumu ni kupunguza mabaharia na kuweka mafunzo ya kompyuta mahali pa mafunzo ya mikono. Mwaka 2012 kozi ya majuma manane hivi ikaanzishwa upya. Kwa hiyo utaratibu wa diski uliishi takriban miaka tisa. Lakini watu uliowalea hawakufutwa pamoja nao. Waliendelea kupanda vyeo.

4. Mwaka 2017

Usiku wa tarehe 17 Juni 2017 manowari USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena ACX Crystal karibu na pwani ya Japani. Mabaharia 7 walikufa, wengi wao wakiwa wamelala. Alfajiri ya tarehe 21 Agosti mwaka huo huo manowari USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Singapore. Mabaharia 10 walikufa. Hapakuwa na vita. Hapakuwa na adui. Chombo chenye rada za thamani kubwa kiligongwa katika njia ya kawaida ya biashara.

Uchunguzi wa ajali ya Fitzgerald ulionyesha kwamba ofisa wa zamu hakuchukua hatua mapema wala hakumwamsha kamanda wake kama alivyopaswa. Rada hazikutumiwa ipasavyo, na waliokuwa kwenye usukani hawakuwa wakiwasiliana vizuri na waliokuwa kwenye chumba cha vita. Vifaa vilikuwapo, uamuzi na ushirikiano vilikosekana.

Ajali ya McCain inafundisha zaidi, kwa sababu humo kompyuta ilikuwa mahali pawili: katika mafunzo na katika usukani. Manowari hiyo iliendeshwa kwa vioo vya kugusa. Kamanda alipomwona mshika usukani anahangaika kuongoza na kurekebisha mwendo kwa wakati mmoja, aliamuru kazi igawanywe: huyu ashike usukani, yule ashike mwendo. Katika kuhamisha udhibiti wa mwendo kwenda kioo cha pili, usukani nao ulihamia huko bila wao kujua. Mshika usukani akatangaza kwamba usukani umekufa. Haukufa, ulikuwa mbele ya mwenzake. Amri ya kupunguza mwendo ilipotolewa, rafadha moja tu ilipungua kwa sababu hazikuwa zimeunganishwa kwenda pamoja, na chombo kikageukia kushoto kuelekea njia ya meli ya mafuta. Mkasa wote ulichukua dakika chache. Manahodha wengi, chombo kilikwenda mrama. Na safari hii manahodha hawakujua kwamba wako wengi.

Baadhi ya waliokuwa zamu walikuwa wameazimwa kutoka manowari nyingine yenye mitambo tofauti. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, ilisema kiini cha ajali ni uhaba wa usimamizi uliozaa mafunzo duni na taratibu duni za uongozaji. Mwaka huo huo jeshi la majini likatangaza kwamba litavirudisha vishikizo vya mkono vya kurekebishia mwendo mahali pa vioo vya kugusa. Mabaharia wenyewe, walipoulizwa, walisema wanataka kitu wanachoweza kukishika.

Hapa inatubidi tuwe waangalifu. Mhakiki asiye mkweli angesema: diski za mwaka 2003 ziliwaua mabaharia 17. Hatusemi hivyo. Sababu zilikuwa nyingi: uchovu, uhaba wa watu, safari nyingi, mitambo migumu kueleweka. Wakaguzi wa serikali waliliarifu Bunge la Marekani mwaka 2017 kwamba asilimia 37 ya vyeti vya utayari wa mabaharia wa manowari zenye makao Japani vilikuwa vimepitwa na muda. Tena maofisa vijana waliokuwa zamu mwaka 2017 kwa kawaida walikuwa wamepitia kozi mpya, si diski.

Ila tujiulize ni nani aliyetakiwa kuwafundisha vijana hao melini. Ni wakuu wa idara, yaani maofisa walioingia jeshini miaka saba hadi kumi kabla yao. Hicho ndicho kizazi cha diski. Mtu ambaye hakufundishwa na mtu, atamfundishaje mtu? Mwanzoni mwa mwaka 2018 jeshi hilo liliwapima maofisa wa zamu 164 wa ngazi ya kwanza katika mashine za kuigiza usukani. Waliofaulu bila wasiwasi walikuwa 27. Waliokuwa na kasoro walikuwa 108. Na 29 walikuwa na kasoro kubwa. Ndiyo maana tulisema deni huhamishwa. Fedha iliyookolewa mwaka 2003 ilikuwa bado inadaiwa mwaka 2018.

5. Makosa matatu ya nadharia

Sasa tunaweza kuyataja makosa ya nadharia yenyewe, tukiwa tumesimama juu ya matukio.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba elimu ni mzigo wa habari. Kama elimu ni habari, basi inaweza kupakiwa katika diski na kusafirishwa kama unga katika gunia. Kanuni za kupishana baharini ni habari, na kompyuta inazifundisha vizuri. Lakini kujua ni lini umwamshe kamanda saa saba za usiku, ukijua kwamba huenda akakukemea kwa kumwamsha bure, hiyo si habari. Ni uamuzi, na uamuzi unalelewa na watu wanaouonyesha, wanaousahihisha, na wanaokubali kuamshwa bure.

Kosa la pili ni kumchukulia askari kuwa mtu mmoja mmoja. Sifa kubwa inayopewa mafunzo ya kompyuta ni kwamba kila mtu anajifunza peke yake kwa mwendo wake. Sifa hiyo inafaa kwa anayejifunza kuhesabu. Lakini hakuna mtu anayeendesha manowari peke yake, wala anayepigana peke yake. Jeshi ni kazi ya pamoja kuliko kazi nyingi nyingine, na mafunzo yanayomtenga askari na wenzake yanamfundisha, pamoja na somo, upweke. SIMNET ilikwepa kosa hilo. Utaratibu wa diski ulilikumbatia.

Kosa la tatu ndilo mzizi wa mengine: kuchanganya kumaliza na kujua. Kompyuta hutoa namba kwa urahisi sana. Fulani amemaliza somo la 14. Kikosi fulani kimetimiza asilimia mia. Mkuu aliye mbali anaipenda namba hiyo kwa sababu inamfikia mezani ikiwa safi. Na aliye chini hujifunza haraka kwamba kinachotakiwa ni namba. Hubonyeza kurasa mpaka mwisho, hupeana majibu, hupata cheti. Hapo mfumo mzima unadanganyana kwa adabu: wa chini anatoa namba, wa juu anaipokea, na bahari peke yake ndiyo isiyodanganyika.

6. Kosa la upande wa pili

Baada ya kusema haya, tusije tukaangukia shimo la upande wa pili. Wapo watakaosoma uhakiki huu na kufurahi, wakidhani tunatetea ubao na chaki dhidi ya kila kitu kipya. La hasha. Mkufunzi mbaya ni mbaya kuliko mashine nzuri. Darasa ambalo mkufunzi anasoma daftari lake la miaka ishirini iliyopita huku wanafunzi wakinakili, nalo ni diski, tena iliyokwaruzika. Asiyewauliza wanafunzi, asiyetazama wanakosea wapi, hana haki ya kuilaumu kompyuta kwa upungufu alio nao mwenyewe.

Na tazama jeshi lenyewe la majini lilifanya nini baada ya mwaka 2017. Halikuzitupa kompyuta. Lilijenga vituo vipya vya mafunzo ya uongozaji huko San Diego na Norfolk vyenye mashine kubwa za kuigiza usukani. Liliwarudisha maofisa vijana darasani kwa majuma zaidi, likaweka wakufunzi kando ya mashine, na likamtaka kila ofisa aandike katika daftari lake saa alizoshika zamu. Kwa maneno mengine, lilirudi mahali Edwin Link alipokuwa mwaka 1934: mashine katikati, mwanafunzi ndani, mwalimu kando. Njia ilikuwa inajulikana. Kilichokosekana hakikuwa ujuzi. Kilikuwa nia ya kuugharimia.

7. Swali la kada

Kada atauliza: manowari za Marekani zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu mashine haisafiri peke yake. Inasafiri na nadharia ya waliotengeneza, na nadharia hiyo haiandikwi katika hati ya mauzo. Leo mashine zinazozungumza na kujibu maswali kwa lugha ya kawaida zinatangazwa kila mahali kuwa walimu wa wote, majeshini na vyuoni. Nyingi zitakuwa na manufaa. Lakini swali la kuziuliza halijabadilika tangu mwaka 1954.

Kwa hiyo anayeletewa pendekezo la kufundisha kwa kompyuta, awe mkuu wa chuo, ofisa wa mafunzo au mwanafunzi anayetakiwa kutoa maoni, asianze kwa kuuliza bei. Aulize mambo manne. Kwanza, mashine hii inamwongezea mwalimu nguvu au inamwondoa? Pili, ikimwondoa, kazi yake ataifanya nani, na huyo amepunguziwa kazi gani ili apate muda? Tatu, tutajuaje kwamba mtu amejua, mbali na namba ya kumaliza? Nne, tukikosea, gharama ataibeba nani?

Swali la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo la kisiasa kuliko yote. Waliofuta kozi ya Newport mwaka 2003 hawakuwa melini mwaka 2017. Waliokuwa melini walikuwa vijana ambao baadhi yao walikuwa watoto wa shule ya msingi uamuzi ulipofanywa. Hawakuulizwa. Walikuwa wamelala chini, katika vyumba vya mabaharia, wakimtegemea aliye zamu juu yao. Na maji yalipoingia yaliingia katika vyumba hivyo. Pendekezo lolote la mafunzo ambalo haliwezi kusomwa mbele ya watu wa namna hiyo, likaelezwa kwao na kukubaliwa nao, lirudishwe kwa aliyelileta.